Vua Shati, Baba

Wazazi wenzangu, habari hii ningali naona haya kuiandika. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa huku Kabambare kabla ya siku zake, mimba ikiwa haijatimiza miezi minane. Mama yake alikuwa ameshikwa na malaria juma zima. Mizani ya kituo cha afya ilionyesha gramu 1,600.

Shangazi yangu alitaka tumwogeshe, kisha tumlaze karibu na makaa. Mkunga akakataa kwa upole. “Mama,” akamwambia, “huyu hana mafuta chini ya ngozi, joto lamtoka upesi. Maji yatampoza, moshi utamziba pumzi, na makaa yakizimika usiku nani ataamka?” Akamvika mtoto kofia na nepi tu, akamlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kikwembe.

Siku ya pili homa ikampanda tena mke wangu, akatetemeka hata asiweze kumshika mtoto. Mkunga akanigeukia mimi: “Vua shati, Baba.”

Mwanamume afungwe mtoto kifuani, mbele ya wakwe zake! Nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe, nikijifanya kungojea pikipiki ya kutupeleka Kasongo. Nilijua kabisa kwamba haina mafuta. Niliporudi, miguu ya mtoto ilikuwa baridi.

Nikavua shati.

Alinilalia usiku kucha. Homa ilipotulia kwa dawa, mama alikamua maziwa, nasi tukamnywesha kwa kikombe kidogo, maana hakuwa na nguvu za kunyonya. Kulipokucha miguu yake ilikuwa na joto.

Nilidhani hiyo ni dawa ya maskini tu. Kweli, ilianza kwa upungufu: mwaka 1978 Daktari Edgar Rey wa Bogotá, nchini Kolombia, alikosa mashine za joto za kutosha, akawapa akina mama watoto wao wawabebe kama kangaruu. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walikufa kabla ya siku 28. Wale waliotangulia kuwekwa katika mashine, wakabebwa baadaye, walikufa karibu 16.

Siku ya nne pikipiki ikapatikana. Tulikwenda Kasongo mtoto akiwa ndani ya koti langu, naye mkwe wangu, aliyecheka kuliko wote, ndiye aliyenifunga kikwembe.

Jambo moja sikumwambia mkunga. Alitueleza kwamba malaria ya mama hujificha katika kondo la nyuma, ikamnyima mtoto chakula, hata akazaliwa mdogo au mapema. Akauliza kama tulilala chini ya chandarua. Nikanyamaza. Kile tulichopewa nilikuwa nimekikata, nikafanya wavu wa kuvulia samaki.