Kiarabu cha Haneti, Kiarabu cha Nizwa

Kanisani kwetu ushuhuda una mpangilio wake. Mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe", anaeleza alivyougua au alivyotawaliwa na pombe, kisha alivyopona au alivyoiacha. Watu wanapiga makofi, anaketi. Mimi wangu sijawahi kuutoa pale mbele, maana hauna ugonjwa wala pombe. Ni habari ya lugha. Nimekua nikikiogopa Kiarabu kama wengine wanavyoogopa uchawi, na siku hizi, Jumapili baada ya ibada, nakifundisha uani kwa baba yangu, mwinjilisti mstaafu wa Anglikana.

Haneti ipo kaskazini ya Dodoma mjini, tarafa ya Itiso, wilaya ya Chamwino. Asiyetufahamu pengine amesikia habari za mawe yetu ya kijani ambayo vijana wanayachimba vilimani. Sisi wengine tunahangaika na uwele, alizeti, karanga na mifugo. Wagogo tupo, na Warangi waliotokea upande wa Kondoa wapo, na kwa sehemu kubwa wao ni Waislamu. Tunauziana, tunazikana, tunaoleana kwa shida kidogo. Mtoto wa Kigogo anajifunza mapema kwamba wenzake wa Kirangi jioni wanakwenda chuoni "kusoma Kiarabu".

Hilo ndilo lilikuwa neno letu. Kusoma Kiarabu maana yake kusoma Kurani. Kiarabu kilikuwa pia yale maandishi ya kombe, yanayoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa na kushonewa ndani ya hirizi. Mganga akitaka kututisha, hata kama yeye mwenyewe ni Mgogo asiyejua alifu wala be, alichora vimistari kutoka kulia kwenda kushoto akasema ni Kiarabu. Hakuna hata mmoja kijijini aliyewaza kwamba mahali fulani duniani kuna mama anamgombeza mwanawe kwa Kiarabu kwa sababu kamwaga maziwa. Baba alikuwa na msimamo: kitu chenye maandishi hayo kisiingie nyumbani kwake.

Halafu mvua zikakata, na wakala wa kazi za ndani Uarabuni akaja. Simtaji, na hata ningemtaja jina lile halikuwa lake. Aliniambia mshahara fulani na mapumziko ya kila wiki, nikatia saini mkataba wenye safu mbili, Kiarabu upande wa kulia na Kiingereza upande wa kushoto. Zote mbili zilikuwa giza kwangu. Baba alilia, akaniombea, akanipa Agano Jipya dogo. Nikajikuta Nizwa, Oman, katika nyumba ya watu wengi, chini ya milima isiyo na jani.

Kiarabu cha kwanza kuingia kichwani mwangu nilifundishwa na mtunza bustani wa Kibangladeshi. "Inti siwi chai." "Ana mafi malum." Wewe tengeneza chai, mimi sijui. Kitenzi hakibadiliki, wakati haupo, umoja na wingi ni kitu kimoja. Ajabu ni kwamba wenye nyumba nao walinisemesha hivyohivyo. Nikadhani nimeshaijua lugha, nikashangaa lugha kubwa kiasi hiki, yenye vitabu vyote hivi, ina maneno ya kujaza kiganja tu.

Jirani yetu alikuwa bibi kizee aliyezaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Wapo wengi Oman wa namna yake, hasa waliorejea baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na Kiswahili chao hawakukiacha. Alinisikia nikibishana na muuza samaki. Akaniita.

"Wee mwanangu, hicho unachosema si Kiarabu hicho. Hicho ni cha kuagizwa tu. Anayekijua hicho atatumwa, hatasikilizwa."

"Shikamoo bibi," nikasema, maana sikuwa na lingine la kusema.

"Marahaba. Na Kiswahili chako cha bara nacho kina mambo! Njoo alasiri."

Alasiri zile ndizo zilizonibadilisha. Alichukua kitabu cha darasa la kwanza cha kitukuu chake akaanza na jina lenyewe la lugha. Sisi, akasema, alama ya lugha tunaitanguliza: Kiswahili, Kiarabu, Kiingereza. Nikamwambia kwetu tunasema Cigogo, na Warangi wana Kilaangi, mwendo ni uleule. Wao alama wanaiweka mkiani: al-arabiyya, as-sawahiliyya, al-ingliziyya. Na al-arabiyya ni ufupisho, neno al-lugha limeachwa nje kwa kuwa kila mtu analijua. Hapo nikatambua kwamba neno letu "lugha" tumelichukua kwao, ila Kurani yenyewe haijalitumia kabisa. Inapozungumzia lugha ya Kiarabu inasema lisani, yaani ulimi.

Kisha akanionyesha jambo ambalo Haneti nzima haikulijua. Kiarabu cha kitabuni, fus-ha, hakuna anayezaliwa nacho. Mtoto wa Nizwa anakikuta shuleni, kama mtoto wa Kigogo anavyokutana na Kiswahili sanifu. Nyumbani anasema cha nyumbani, na wazee wa pale hata mlima hawauiti jebel, wanauita gebel. Mmisri ana chake, Mmoroko ana chake, na hao wawili wakikutana wanatafutana kwanza. Wote wakiulizwa wanasema nini, watajibu: arabi. Waarabu wanaiita lugha yao lugha ya dhad, kwa herufi wanayojivunia kuwa wengine hawana. Lakini Waomani wengi wanaitamka kwa "dh" nzito, ndiyo maana walipousema mwezi wa kufunga nilisikia karibu kabisa na Ramadhani yetu.

Baada ya hapo maneno yalinijia kwa makundi. Sahani, birika, sabuni, sukari, samaki, asubuhi, dakika: nusu ya jiko nilikuwa nalijua tangu kwa mama. Mengine yalinitega. Rahisi kwao ni cha bei ndogo tu, si jambo lisilo gumu. Nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba kazi ile ni "rakhis" alinitazama kwa muda mrefu.

Siku moja nilipelekwa kliniki, jino. Muuguzi alikuwa Mmisri, na sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono wake ilichanjwa msalaba mdogo wa rangi ya bluu. Mkopti, yaani Mkristo wa Misri. Kila aliposhika sindano alisema "bismillah", na alipomaliza akasema "alhamdulillah". Nikamuuliza kwa Kiarabu changu kipya: wewe si Mkristo? Akacheka, akasema sasa nimwite Mungu kwa lugha gani, na mama yangu ni Mwarabu? Akanionyesha Biblia yake kwenye simu, tafsiri iliyochapwa Beirut mwaka 1865, ambayo mpaka leo makanisa mengi ya Kiarabu yanaisoma. Mstari wa kwanza wa Mwanzo una neno Allah. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na pamba mdomoni, nikisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, zile herufi ambazo baba hakutaka ziingie nyumbani. Sikumaliza mstari kwa machozi, na muuguzi alidhani ni jino.

La mkataba ni fupi. Nilipoweza kusoma niliutoa mkobani. Kiwango kilichoandikwa hakikuwa kile alichonitajia wakala. Kilikuwa kikubwa zaidi, na nilichokuwa napewa kilikuwa kidogo kuliko vyote viwili. Nililitambua neno "shahr", mwezi, lile lililozaa mshahara wetu, na "ajr", ndugu ya ajira, na karibu yake tarakimu. Nililitambua "ijaza", mapumziko. Sikupiga kelele. Niliuweka mkataba mezani, nikausoma kwa sauti mbele ya baba mwenye nyumba, kwa fus-ha mbovu lakini ya kitabuni. Alinyamaza. Mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa sawa, na nikapewa siku yangu ya kupumzika. Sisemi kila nyumba ingekuwa hivyo. Wapo wenzangu waliosoma mkataba na bado wakanyang'anywa simu na pasipoti, na kujua lugha hakufungui mlango uliofungwa kwa nje. Lakini mimi siku ile nilisikilizwa, kama bibi alivyosema.

Niliporudi Haneti baba alinikuta nikisoma gazeti la Oman nililokuja nalo. Hakuuliza. Nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 2, nikamwonyesha orodha ya mataifa waliosikia siku ya Pentekoste, kila mmoja kwa lugha yake. Waarabu wamo, wa mwisho kutajwa. Baba amehubiri sura hiyo miaka yote ya utumishi wake. Aliisoma tena kimya, akavua miwani, akasema, "Basi wamo." Akaenda kulisha mbuzi. Kwa Mgogo wa umri wake hayo ni maneno mengi.

Lakini kilichowageuza majirani si mimi wala Pentekoste. Ni barua. Mzee mmoja wa Kirangi alikuwa na karatasi kuukuu ndani ya kopo la mafuta, aliyoirithi kwa baba yake. Ilijulikana kijijini kama "Kiarabu cha mzee". Wengine waliamini ni kinga ya boma, na mzee mwenyewe hakulikanusha hilo. Aliposikia kwamba binti wa mwinjilisti anasoma, alikuja nayo.

"Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo, akaketi. "Haya mwanangu, nisomee dua hii."

Mstari wa kwanza ulikuwa Kiarabu kweli, maneno ya heshima ya kufungulia barua. Mstari wa pili ukanishinda. Nilisoma "ghumbi", sikuona maana. Nikasoma "besa", nikafikiria baisa, senti za Oman. Irabu zilikuwa chache na wino umefifia. Nikarudia kwa sauti, polepole, na mzee ndiye aliyeshtuka kwanza.

"Ng'ombe!" akasema. "Soma tena hapo. Ng'ombe na pesa!"

Herufi za Kiarabu hazina ng', hazina p. Mwandishi alitumia alizonazo. Barua yote, baada ya salamu, ilikuwa Kiswahili kitupu. Mfanyabiashara wa Kondoa anamkumbusha mwenzake wa Haneti kuhusu ng'ombe alioacha malishoni na pesa ambazo bado hazijalipwa. Hakuna dua, hakuna kinga. Wazee wetu waliandikiana namna hiyo kabla herufi za Kirumi hazijaenea kwa shule za misheni na serikali ya Wajerumani, na sisi wajukuu, kwa kutozijua herufi, tukayaita maneno yetu wenyewe Kiarabu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza, akauliza, "Kwa hiyo tunadaiwa?" Kopo aliondoka nalo akilikumbatia kwa umakini uleule.

Sasa Jumapili wanakuja wasichana, na wavulana wawili watatu wanaotafuta kazi za udereva. Ustadhi wa msikitini huja kunisaidia matamshi, maana herufi anazitoa kooni vizuri kunishinda. Mimi nawafundisha yale ya dukani, ya hospitali na ya mkataba. Wakristo wanauliza kama watasilimishwa. Nawajibu kwamba Lugha ya Kiarabu ni somo la mtihani wa kidato cha nne, kama lilivyo Kifaransa, na mtihani hauulizi dhehebu. Waislamu wanashangaa kwamba wamehifadhi sura nyingi lakini hawawezi kuomba maji ya moto. Wote wanaanza darasa moja.

Kama una binti anayejiandaa kwenda Uarabuni, usimruhusu atie saini karatasi asiyoielewa. Mtafutie ustadhi, mtafutie aliyewahi kurudi, mlete hata Haneti, akae na herufi walau miezi michache kabla ya ndege. Yajue kwanza haya matatu: aqd ni mkataba, ratib ni mshahara, jawaz ni pasipoti. Na nakala ya mkataba ibaki nyumbani kwenu.