Uvimbe wa Taya Haungojwi

Ndugu msomaji, ninakuandikia kutoka Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa letu na bahari yenu ziko mbalimbali, lakini joto ni moja na mbu ni wale wale; na yako maradhi ya watoto yapendayo nchi za namna hii. Sikiliza habari zake, huenda zikakufaa.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya. Baadaye akamwona mwingine wa hali ile ile. Burkitt alikuwa na jicho moja tu, la pili lilipotea utotoni. Lakini aliona walilolipita wenye macho mawili, kwamba huu ni ugonjwa mmoja. Akaandika habari zake mwaka 1958, na ikabainika kuwa ni saratani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, toka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakakuta ugonjwa ni mwingi penye joto, mvua na malaria, na ni haba penye baridi ya milimani.

Kisu hakikufaa kitu, na mashine ya mionzi haikuwapo Kampala. Burkitt akajaribu dawa. Uvimbe ukanywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha matibabu hayo chini ya Mmarekani John Ziegler. Na Wamarekani walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dkt. Charles Olweny, Mganda, akakishika kisianguke. Mambo yaliyoonekana pale yaliwasaidia waganga wa Ulaya na Marekani kujua kwamba saratani yaweza kupona kwa dawa peke yake.

Basi wewe unayesema tiba hii ni ya wageni, fahamu kuwa ilizaliwa kwetu, kwa mama zetu waliobeba watoto wao wakaenda.

Mpwa wangu alivimba taya akiwa na miaka sita. Mmoja alisema ni jino, ling'olewe; mwingine akasema mtoto karogwa. Dada yangu aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akauza mbuzi wawili, akamchukua mwanawe hadi Mpanda, na kutoka huko hadi Mwanza. Leo kijana huyo anavua dagaa.

Msomaji wangu, saratani hii hukua upesi mno. Wiki moja ni nyingi. Ukiona taya la mtoto linavimba, meno yanalegea, au tumbo linajaa bila sababu, usingoje sikukuu ipite wala jamaa wakubaliane. Mpeleke hospitali, uombe apelekwe penye matibabu ya saratani za watoto, kama Muhimbili au Bugando. Dua msomee njiani.