Faida ya Kumpa Dumuzi Jina Lake

Wako watu wadhanio kwamba kazi ya mtaalamu wa wadudu ni mchezo wa mtu asiye na shughuli. Humwona ameinama juu ya hadubini mchana kutwa, akipima kidudu kisichofikia punje ya ufuta, kisha akimwandikia jina la Kilatini ambalo mkulima hawezi hata kulitamka. "Mdudu ni mdudu," husema, "na auawe, basi." Lakini habari za dumuzi wa miti wa nchi za joto zaonyesha kwamba neno hilo si la hekima.

Dumuzi huyu ni wa jamii ya mbawakavu, yaani wadudu wenye mabawa magumu yafunikayo mabawa laini. Jike ana urefu wa milimita 2 hivi. Hutoboa shina la mti ulio hai, lakini hali mbao zenyewe. Kinywani mwake mna vifuko vidogo vyenye mbegu za kuvu, naye akiisha kuchimba njia zake huipanda kuvu hiyo humo ndani, kama mtu apandaye bustani. Hiyo ndiyo chakula chake na cha watoto wake. Nayo hupenya katika mishipa ipitishayo maji ya mti, matawi yakanyauka, na pengine mti mzima ukafa. Dume hawezi kuruka. Hujamiiana na dada zake mumo humo shimoni. Kwa hiyo jike mmoja tu, akichukuliwa ndani ya gogo la kuni, atosha kuanzisha ukoo mpya katika nchi ya mbali.

Mwaka 1868 Mjerumani mmoja, Eichhoff, alieleza dumuzi wa namna hii aliyetoka Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka, akampa jina la Xyleborus fornicatus. Siku hizi huitwa Euwallacea fornicatus. Baadaye madumuzi wakasumbua sana mashamba ya chai ya nchi hiyo, na kila mdudu aliyefanana nao, popote alipoonekana, mara nyingi aliandikwa kwa jina hilo moja.

Kila karani ajua taabu ya watu wawili walioandikwa kwa jina moja katika kitabu cha kodi. Mmoja hulipa, mwenziwe akapewa stakabadhi. Mmoja hukosa, mwenziwe akaitwa barazani. Ndivyo ilivyokuwa kwa madumuzi hawa.

Mwaka 2003 mmoja wao alikamatwa huko California, Marekani, akadhaniwa kuwa ni yule dumuzi wa chai. Hata ilipofika mwaka 2012 alionekana akishambulia miparachichi na miti ya namna nyingi, ya bustani na ya kando ya barabara. Wataalamu walipochunguza vinasaba waliona kwamba wadudu hao, wafananao kama mapacha, si wa aina moja. Na aina moja miongoni mwao ilikuwa haijapata kuelezwa kamwe. Mwaka 2018 Gomez na Hulcr waliieleza, wakaiita Euwallacea kuroshio, kwa jina la mkondo wa bahari upitao karibu na Taiwan na Japani.

Kueleza aina mpya si kubuni jina tu. Sharti mtaalamu achague mdudu mmoja awe kielelezo, ahifadhiwe katika jumba la makumbusho. Aandike sura yake na vipimo vyake, na jinsi anavyotofautiana na jamaa zake. Kisha achapishe yote ili wengine wapate kuyahakiki. Kielelezo hicho ni kama jiwe la ratili lililopigwa mhuri wa serikali: watu wakibishana juu ya mizani, hulirudia hilo.

Vielelezo vya Eichhoff vilidhaniwa kuwa vimepotea, kwa hiyo mwaka 2018 majina yaligawanywa bila ya hivyo. Mwaka 2019 kimoja kikapatikana, kikapimwa. Ndipo ilipodhihirika kwamba jina la fornicatus ni la yule mharibifu wa miti mingi, si la yule aliyezoewa kuitwa dumuzi wa chai. Huyu wa chai akarudishiwa jina la Euwallacea perbrevis. Hivyo, mahali pa jina moja, zikatambuliwa aina 4.

Mkulima apata nini katika hayo? Apata kumjua adui yake. Mwaka 2017 yule mharibifu wa miti mingi alitambuliwa mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, akitoboa miti ya bustani. Kwa kuwa alitambuliwa sawasawa, watu walijua kwamba jambo hili si la chai tu. Walijua pia kwamba asili yake ni Asia, na huko ndiko wafaako kutafutwa wadudu wengine wamlao. Jina lisilo lake lingewapeleka katika vitabu visivyohusu shida yao.

Basi mkulima wa miparachichi huko Murang'a, au wa chai huko Kericho, akiona shina lake lina matundu yasiyozidi milimita 1, yakitoka unga wa mbao, au gome limepata doa jeusi na utomvu mweupe uliokauka, asifanye haraka ya kunyunyiza dawa, kwa maana dawa haimfikii mdudu aliye ndani ya mti. Asiwauzie jirani kuni za mti huo, wala asizipeleke wilaya nyingine, kwa sababu dumuzi husafiri mbali zaidi kwa gari la kuni kuliko kwa mabawa yake. Wadudu wachache awatie katika chupa ya spiriti, aandike mahali, tarehe na jina la mti, awapeleke kwa afisa wa kilimo. Chupa hiyo ndogo yaweza kuokoa mashamba ya tarafa nzima.