Tanzia: Marehemu Padri Yohana

Ndugu, jamaa na wapenzi wa historia, kwa masikitiko tunatangaza msiba wa hadithi ya Padri Yohana, mfalme Mkristo wa nchi za mbali, ambaye mabaharia wa Ureno walimtafuta kwa miaka mingi kwa bidii na imani.

Marehemu alianza kusikika Ulaya mwaka 1145, na yapata miaka ishirini baadaye ikasambaa barua iliyodaiwa kuwa yake, ikisifu utajiri na majeshi yake, hata mwaka 1177 Papa Alexander III akamwandikia. Kwanza alidhaniwa yuko Asia; baadaye makao yake yakahamishiwa Uhabeshi.

Miongoni mwa mambo yaliyowatia Wazungu baharini, marehemu alikuwa na nduguze watatu: tamaa ya dhahabu, tamaa ya viungo na kiu ya sifa. Mfalme João II wa Ureno alipowatuma Pêro da Covilhã na Afonso de Paiva mwaka 1487, alitaka habari za viungo na za Padri Yohana kwa pamoja. Na mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walipoambiwa kule Msumbiji kwamba mfalme huyo hayuko mbali, walilia kwa furaha.

Hatumpambi marehemu, kwani urafiki aliotafutiwa ulikuwa wa kupigana na Waislamu. Hata hivyo, yeye peke yake aliwafanya watu wale waamini kwamba Afrika ina mfalme mkuu wa kuombwa msaada.

Mauti yalimjia polepole. Ujumbe wa Ureno uliofika kwa Lebna Dengel, mfalme wa Uhabeshi, mwaka 1520 ulimkuta mtawala wa kweli, mwenye shida zake, na ukamkuta Covilhã pia, amezeeka ugenini kwa kunyimwa ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1541, Cristóvão da Gama aliingia Uhabeshi na askari wapatao 400 kuunusuru ufalme uliovamiwa: aliyetarajiwa kuwa mwokozi alikuwa anaokolewa.

Marehemu ameacha nduguze watatu, wote wazima. Kilwa na Mombasa, zilizoshambuliwa na Mreno Francisco de Almeida mwaka 1505, ziliwafahamu yeye akiwa bado hai. Tangu aondoke, hakuna tena wa kuwakumbusha kwamba ng'ambo ya bahari kuna wenyeji wanaostahili kubishiwa hodi.