Makombo ya Simba, makombo ya Les: mi nimechagua upande

Simba Wanyika ama Les Wanyika? Uliza hilo swali kwa kikundi chochote cha WhatsApp chenye watu wa zaidi ya miaka 50, jibu ni moja: Sina Makosa. Mjadala umefungwa, watu wanarudi kwa picha za harusi. Lakini wimbo ambao kila baa na kila matatu ya Kitale kwenda Webuye imeshaupiga hauwezi kukuambia ni bendi gani ilikuwa na kina. Toa ngoma zote zinazojulikana. Nani anabaki na kitu?

Wenzetu wa roki wamezoea huu ubishi. Beatles walitoa mabaki yao ya studio kwa awamu 3, 1995 na 1996, chini ya jina Anthology. Rolling Stones wao mwaka wa 1981 walitoa Tattoo You, albamu ambayo sehemu kubwa yake ni vipande vilivyoachwa miaka ya nyuma, na ikauza vibaya sana (vibaya ile ya kusifu). Kwetu hakuna mtu amewahi kutufungulia makabati hivyo. Makombo yetu yako kwa sahani za santuri, zile ndogo, na mara nyingi yako upande wa pili.

Kwa wale mmezaliwa na simu mkononi: sahani ndogo ya 45 ilibeba dakika nne hivi, tano ikibanwa, kwa kila upande. Wimbo wa Nairobi wa miaka ya 1970 ulikuwa mrefu kuliko hapo, kwa hivyo ulikatwa. Upande wa kwanza ni hadithi, mtu analia kuhusu mapenzi. Unageuza. Upande wa pili waimbaji wananyamaza kidogo na magitaa yanaanza kuongea. Nyimbo kadhaa zilizoko mtandaoni zimepakiwa nusu tu, ule upande wa maneno. Ni kama kualikwa karamu ukaondoka baada ya maombi.

Sasa historia, haraka. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzisha Simba Wanyika 1971 na wakaja kuweka kambi Nairobi. Mwaka wa 1978 mpiga gitaa la ridhimu, Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, akatoka na wenzake, akiwemo Tom Malanga wa besi. Wakaungana na John Ngereza, hiyo ndiyo Les Wanyika. Issa Juma aliimba nao, kisha akaenda kivyake na Super Wanyika, akatoa Sigalame, wimbo wa jamaa aliyepotea na inasemekana yuko Bungoma kwa biashara zisizoeleweka. Watu wa Bungoma hawakuhitaji kuelezwa. Chepkube iko huko huko, na magendo ya kahawa ya Uganda yalikuwa juzi tu.

Bungoma ndiko kuna anko wangu, upande wa Kanduyi, na kreti la soda lenye sahani 43. Tangu Agosti nimekuwa nikipanda gari Kitale karibu kila Jumamosi, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, na mashine ya kuchezea sahani niliyoazima kwa DJ fulani imefungwa kwa blanketi mapajani. Nacheza, narekodi kwa laptopu, naandika kwa kitabu. Anko anakaa mlangoni akinirekebisha.

Yeye ni mtu wa Les. Anasema Les hawakuwa na haraka, kila gitaa lilijua mahali pake na likakaa hapo. Ni kweli. Sahani zao kwenye kreti ni chache, na ni safi, hakuna hata moja ya kutupa.

Lakini mi nimeenda na Simba, na sababu ni ujanja wao. Mkataba wa kampuni moja ulipowabana, walirekodi kwingine kwa majina mengine: Les Kinyonga, Jobiso. Kwa hivyo ukitafuta jina la Simba pekee unakosa kazi nyingi, na hiyo kazi ya kujificha mi naipenda kuliko ile rasmi. Wanacheza kama watu ambao hakuna bosi anawasikiza.

Halafu kuna sahani moja imetuvuruga. Karatasi yake ya katikati imefutika kabisa. Mi nikasema ni Simba. Anko akasikiza, akainua kidole.

"Hiyo ridhimu ni ya Profesa. Ni Les hiyo."

"Anko, lakini Profesa alikuwa Simba mpaka 78."

Akanyamaza muda mrefu. "Basi ni wote," akasema.

Na hapo ndipo huu ubishi wangu unapata shida, lazima niseme ukweli. Makombo ya Simba ya kabla ya 1978 yana vidole vya Profesa na besi ya Malanga. Ukiyapa Simba alama, nusu ya hizo alama zinafaa kwenda kwa Les. Bado nasema Simba, lakini kwa yale ya baada ya mgawanyiko, wakati Wilson na George walibaki na pengo na wakalijaza.

Wenyewe huwezi kuwauliza. George alifariki 1992, Wilson 1995, Ngereza 2000.

Kuna mnunuzi kutoka Nairobi ameshapiga simu. Analipa kwa sahani, na anataka zisizo na mikwaruzo pekee. Binamu yangu amepata nafasi chuoni na karo inatakikana Januari. Nilipoanza kulalamika, anko alinikata: "Kijana yangu, hizi nyimbo nimezisikiza miaka 40. Huyu msichana hajasoma hata siku moja." Sina jibu kwa hilo, na sitafuti. Wacha ziuzwe. Ninachotaka ni kila moja irekodiwe pande zote mbili kabla ya huyo jamaa kufika, hata zile zenye mikwaruzo ambazo hazitaki.

Zimebaki 9. Mbili ni za Jobiso, na ile isiyo na jina nataka kuirudia polepole. Kama kuna msee Kitale ama Bungoma ana sindano ya ziada ya kuchezea sahani, naomba, hii yangu imeanza kuruka.