DADA WA KIBAHA NUSURA APOTEZE PICHA ZA MAREHEMU MAMA YAKE, KISA FLASHI!

Kuna dada mmoja wa Kibaha Maili Moja. Arobaini ya mama yake imebaki siku tatu, akapeleka flashi steshenari kuprinti picha. Kurudi home anachomeka kwenye laptop: mafolda yote yamegeuka shotikati. Anabofya, hola. Kesho yake na laptop nayo hivyohivyo.

Ukweli mchungu? Windows yenyewe ilikuwa ya kukraki, na aliyemwekea alimwambia azime antivairasi "isisumbue". Akazima. Miaka miwili!

Fundi wa kwanza: "Hapa ni kufomati tu, dada." Alikaribia kukubali. Bahati akampigia binamu yake Kisarawe.

"Usifomati! Hicho kirusi mara nyingi hakifuti mafaili, kinayaficha tu."

Akafunga safari. Binamu akasafisha kirusi kwanza, kisha akaandika amri ya attrib kwenye ile skrini nyeusi. Mama huyo, anacheka, kitenge begani. Dada akalia upya.

Na hapo ana bahati. WannaCry ya Mei 2017 haikuficha: ilifunga mafaili na kudai hela, wakati kiraka cha Microsoft kilishatoka tangu Machi.

Siku hizi Defender, inayokuja bure na Windows, haizimwi. Apdeti hazipuuzwi. Flashi ikitoka steshenari inaskaniwa kabla ya kufunguliwa. Na picha za mama zina nakala kwenye hadi diski inayokaa kabatini, haichomekwi ovyo.

Wewe za kwako ziko wapi?