Dabo ya Saa Nane

Dodoma niliijua kwa taarifa ya habari tu: Bunge, mawaziri, Ikulu ya Chamwino. Safari yangu ya kwanza nilipanda treni ya SGR, iliyoanza kufikisha abiria huko mwaka 2024. Tulipoyapita mahandaki ya Kilosa, kijani kikaanza kutuaga. Vichaka vya miiba vikashika nafasi, na mibuyu ikajitokeza mmoja mmoja. Tumeingia Ugogo.

Mpwa wangu anafundisha fizikia katika shule ya kata nje kidogo ya mji. Kesho yake akanichukua twende shuleni kwake. Kengele yao ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na ratiba imechorwa kwa maka peni kwenye karatasi ya manila: singo dakika 40, dabo dakika 80.

Kidato cha Pili wakasimama, shikamoo ikatikisa bati. Nikawauliza kama wanapenda vipindi virefu. Nilitegemea "hapana" moja kubwa.

"Singo ya fizikia haitufai," akasema binti wa dawati la mbele. "Tukishagawana nyaya na betri, rimu inagongwa. Balbu haijawaka hata mara moja."

Kijana wa dirishani akanyoosha mkono. "Lakini dabo ya historia saa nane, mzee? Mwalimu anaandika notsi ubaoni, sisi tunanakili. Mkono uko darasani, akili ishafika nyumbani."

Darasa zima likacheka, na binti wa balbu naye akacheka. Asubuhi wanaitaka dabo, hasa ya hesabu; mchana hawaitaki. Wengine wametoka nyumbani alfajiri kwa miguu. Chakula cha shule ni makande ya michango ya wazazi, na huku mvua ina msimu mmoja. Ikikatika mapema, michango nayo inakatika. Nionavyo mimi, kwa mtoto mwenye njaa hata dakika 40 ni nyingi.

Tulipotoka nikamuuliza mpwa wangu kwa nini wasiihamishie historia asubuhi.

"Mjomba, asubuhi tunagombania wote. Fizikia niko peke yangu, Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne. Hesabu nao wanaitaka hiyo hiyo."

Wanafunzi wameshampelekea mwalimu wa taaluma ombi lao: historia ivunjwe iwe singo mbili, siku tofauti. Amewaambia wasubiri Januari, ratiba mpya ikipangwa.